Chokaa Mbele ya Mlango

Nilimwogopa kabla sijamjua, na nilipomjua nikazidi kumwogopa, ingawa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Mtaani kwetu Gisenyi tulimwita Madamu wa Plani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora mji: barabara ipite wapi, magari yaishie wapi, watu watembee wapi. Jina lake tulilijua, lakini hatukulitumia, kama ambavyo humwiti daktari kwa jina akiwa ameshika sindano.

Kilichotutia hofu kwanza ni kwamba alikuwa akifuata watu. Alichagua mtu yeyote barabarani, labda mama mwenye beseni la nyanya kichwani au fundi mwenye ngazi begani, akamwandama kwa nyuma huku macho yake yakiwa kwenye miguu ya yule mtu. Ukishuka kwenye ukingo wa barabara, naye anashuka hapohapo. Ukisimama kupumua, naye anasimama, anaangalia umesimama kwenye kivuli cha nani. Ndivyo alivyofanya kazi. Alisema mji hauanzi kuchorwa mezani. Kwanza ujue miguu ya watu inataka kwenda wapi, ndipo ushike kalamu. Maneno mazuri, sikatai. Lakini sisi tunaoishi kwenye mpaka, mtu akikufuata humwulizi anasoma nini. Unakaza mwendo roho mkononi, unajiuliza jana ulisema nini na nani alikuwa karibu.

Siku moja alimfuata mama mmoja wa Kanzenze aliyekuwa akipeleka mboga kwenye kizuizi kidogo, pale wanapovukia wa kwenda Goma kwa miguu. Yule mama aligeuka mara ya kwanza, akageuka mara ya pili, kisha akaacha njia yake na kwenda moja kwa moja kwa askari. Akamwambia, "Afande, ule mama ananifuata toka soko. Mi sina kitu, niko na mboga tu." Madamu akashikwa. Alijieleza kwa Kiswahili chake cha shule, kwamba alikuwa akitazama mahali ambapo mtu mwenye mzigo kichwani huhama kutoka pembeni kwenda katikati ya barabara. Askari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama kutembea nako kunasomewa. Madamu alikaa pale mpaka jioni, mtu wa ofisini kwao alipokuja kumtoa. Habari ilipofika mtaani tulicheka sana, lakini tulicheka mlango ukiwa umefungwa.

Kesho yake alitoka tena, akamfuata mtu mwingine. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwahi kulielewa kwake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwoga kuliko sisi sote. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya yetu, imezungushiwa mabati marefu hata paa halionekani. Geti lake lilifungwa mchana na usiku. Mtu huyu aliyetaka mji mzima ukae nje, utembee, usimame usalimiane, yeye hakuwahi kuweka hata kigoda mbele ya nyumba yake. Ukibisha hodi, unasikia kwanza kimya, halafu ndala zinakuja taratibu, halafu kimya kingine, anakuangalia kwenye tundu la msumari. Mama yangu alikuwa akimpelekea sambusa wakati wa Idi, na kila mwaka alirudi akisema ametazamwa kwanza ndipo akafunguliwa.

Na alikuwa na swali lake. Ukimwalika harusini, akiingia ukumbini haanzi kumtafuta bibi harusi, anatazama kuta. Sokoni vilevile, na hata nyumbani kwetu mara ya kwanza alipokuja kushonesha gauni. Alisimama katikati ya chumba, akageuka huku na huku, akauliza: "Mtu akitaka kukimbia hapa, atapitia wapi?"

Mama, sindano zikiwa mdomoni, alimwambia hatuna cha kukimbia. Madamu akasema hakusema tutakimbia, ameuliza tutapitia wapi. Mimi nilikuwa nakata kitambaa, nikaweka mkasi chini. Madamu alikuwa amerudi kutoka Tanzania pamoja na wakimbizi waliorudi baada ya vita, na aliporudi alikuta watu wa umri wa mama yangu ambao swali kama hilo halihitaji kufafanuliwa kwao. Mama alitoa sindano mdomoni, akaonyesha dirisha la nyuma. Madamu akalipima kwa macho, akaitikia kwa kichwa, ndipo akakubali kupimwa kiuno.

Siwezi kusema swali lake lilikuwa la kichaa. Mlima wa moto wa upande wa Goma ulipolipuka, ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo, kuta zikapasuka, lami ikachanika vipandevipande, na jioni moja tetemeko likaja kubwa kuliko mengine. Mtaa mzima ulitoka mbio. Sisi sote tulielekea kichochoro cha karibu, kwa sababu ndicho tulichokizoea, na magari nayo yakaingia mlemle. Madamu alikuwa amesimama kwenye makutano, ndala mguu mmoja, mikono imenyooshwa, anageuza watu kama mtu anayegeuza mbuzi: huku hapana, piteni kule, kule ni kupana. Uso wake ulikuwa umepauka na mdomo ukimcheza. Alimshika Mama bega akamsukuma upande wa njia pana, na tulipofika salama nikageuka kutazama, nikamwona bado yuko palepale, analia huku akielekeza watu.

Magari aliyachukia kwa chuki ya mtu anayeyajua. Alikuwa na gari lake mwenyewe, limefunikwa turubai uani, sijui mara ya mwisho lilitoka lini. Mama alimtania kwamba anafuga gari kama sungura. Alisema analiweka ili asisahau lina ukubwa gani. Malori yanayoshuka kutoka Mahoko yalimnyima usingizi. Akisikia breki zikilia kwenye mteremko, anakatiza maneno, anasubiri, na zikinyamaza ndipo anamalizia sentensi. Ukizungumza naye barabarani utadhani ana kigugumizi. Alitaka pembeni mwa kila barabara ya mteremko pasimamishwe mawe meusi ya volkano, mafupi, yanayofika magotini, kati ya magari na watu. Alikuwa akisema: "Mstari wa rangi haumzuii dereva. Jiwe linamzuia."

Sasa nifike kwenye baraza letu, maana ndiko ninakozunguka tangu nianze.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya babu aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, na ilikuwa na baraza refu mbele lenye nguzo za mbao na mabati juu. Nyumba zote za mstari ule zilikuwa nayo, yameshikana, kiasi kwamba mvua ya Gisenyi ikianguka, na wanaoijua wanaijua, mtu anatoka kwa muuza mchele mwanzo wa mtaa mpaka msikitini bila tone kumgusa. Cherehani ya Mama ilikuwa barazani. Alishona akitazama watu, akijua nani kapita na nani hajapita. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mwanga wa nje ndio uliomsaidia kutunga uzi kwenye sindano. Baraza lile ndilo lililotulisha, na zaidi ya hapo ndilo lililomfanya awe mtu mtaani.

Madamu alilipenda baraza lile kuliko sisi wenyewe. Kila akipita alipitisha kiganja kwenye nguzo. Lakini ukimkaribisha akae, alisema ana haraka.

Tulikuwa tumesikia, kama watu wanavyosikia, kwamba mtaa wetu utafungiwa magari uwe wa waenda kwa miguu. Wengine walisema vizuri, wengine wakasema ukisikia vizuri ujue kuna nyumba zinaondoka. Hatukuona karatasi wala kuitwa mkutanoni. Halafu ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, tunapofanya kazi za pamoja. Asubuhi ile magari hayatembei, mtaa mzima umeinama unafagia mitaro. Kwa Madamu hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee ya kuuona mtaa wetu bila gari hata moja. Akaja na vibarua wawili na gunia la chokaa. Wakamwaga mstari mweupe kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, ukapita mbele ya nyumba zetu, sentimita chache tu kutoka kwenye nguzo za baraza letu, kwa sababu letu lilikuwa limejitokeza kuliko mengine.

Watu waliacha kufagia. Nikasikia chokaa ikitiririka kutoka kwenye gunia. Madamu alituamkia wote, akainamisha kichwa, akaendelea. Hakueleza kitu. Nilitaka kumwuliza, nikafungua mdomo kabisa. Mama akanishika kanga, akanivuta ndani na kusukuma mlango.

"We usiulize," aliniambia. "Ukiuliza, batakujibu."

Wasiojua mambo ya kwetu watasema mama yangu alikuwa mjinga. Hakuwa. Alijua kwamba mstari mbele ya nyumba ukishapigwa, huja siku ya kuvunja, na wavunjaji hawatenganishi mbao nzuri na takataka. Mwenye akili anavunja mwenyewe mapema, anaokoa mabati, mbao na misumari, anaweka ndani. Na alijua kwamba jambo ambalo hujaambiwa bado lina nafasi ya kutokuwa. Basi siku ya Jumatatu mjomba alikuja na nyundo, tukaanza. Mabati yalishuka kwanza, halafu papi zilizoyashikilia, halafu nguzo moja baada ya nyingine. Mama alinyoosha misumari kwa jiwe na kuitia kwenye kopo la maziwa. Majirani walitutazama. Mabaraza yao yalikuwa mbali kidogo na chokaa, na kila mmoja alikuwa akimshukuru Mungu wake kimoyomoyo.

Madamu alikuja alasiri. Aliiona nyumba yetu ikiwa wazi kama mdomo uliong'olewa meno, akasimama kwenye ule mstari wake mweupe. Aliuliza nani ametuambia tuvunje. Mama akasema hakuna.

"Mama Zaina," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko siku zote, "huo mstari ni wa kuzuia magari. Mawe yatakaa hapo. Baraza lenu lilikuwa upande wa ndani. Mtaa wote nimeuchora kwa kufuata baraza lenu."

Mama alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na kopo lake la misumari. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini hatukumwuliza. Nilimkasirikia kiasi cha kutaka kumsukuma. Kisha akasema polepole, akiangalia nyuma yake kwanza, kwamba plani ilikuwa haijatiwa saini. Alikuwa ameambiwa apime tu, asiseme na mtu, na aliogopa akisema nayo ikabadilika, watu watamshika yeye.

Unaweza kudhani tungesimamisha baraza upya, mbao si zilikuwepo. Lakini saini ilipokuja ilikuja na masharti, na sharti moja alikuwa amelitunga Madamu mwenyewe ili kuwalinda watembea kwa miguu dhidi ya wenye maduka wanaokula njia: mabaraza yaliyopo yabaki, mapya yasijengwe. Alikwenda kutuombea. Ndivyo alivyosema, kwamba alikwenda, na mimi sikujua kama aliingia ndani au aliishia mlangoni. Alirudi akasema haiwezekani, akifungulia tundu moja yatafunguka mengi.

Mtaa ulipendeza, sitadanganya. Mawe meusi yakasimama kwenye mstari wa chokaa, magari yakaondoka, watoto wakaanza kucheza mpira katikati bila mtu kuwaita ndani. Wageni wanakuja kupiga picha. Ila mvua ikinyesha, watu wanatembea chini ya mabaraza kwa raha zao mpaka wafike kwetu. Hapo wanasimama, wanapandisha mikoba kichwani, wanakimbia upana wa nyumba yetu, wanaingia chini ya baraza la jirani wakipangusa uso. Mama alihamishia cherehani ndani, kwenye giza. Aliposhindwa kutunga uzi nikawa namtungia mimi. Mlangoni hakupenda kukaa. Alisema hapo inaonekana miguu ya wapitao tu, si nyuso zao. Alikufa bila kukaa nje tena, na mabati yako mpaka leo nyuma ya kitanda chake.

Madamu hakuacha kupita. Siku za mvua hasa ndipo alipopita. Alitembea chini ya mabaraza ya watu, akifika kwetu hakukimbia kama wengine. Alivuka polepole, kichwa wazi, mvua ikimwangukia mabegani, halafu akaingia upande wa pili na kwenda zake. Hakugeuka kunitazama. Nilikuwa namwona kupitia dirishani nikijiambia nitamtokea nimpe mwavuli, na sikumtokea. Kitu kilinizuia, nadhani kilikuwa ni ile hofu ya zamani ya kwamba ataniuliza nikitaka kukimbia nitapitia wapi.

Alistaafu. Magoti yakamchosha, akawa hashuki. Mwaka huu, asubuhi moja, nilikuwa napandisha sare za shule nilizomshonea mteja wa huko juu, zimefungwa kwenye kitenge kichwani, nikasikia nyundo. Nilipofika kwake nikakuta geti liko wazi. Sikuwahi kuliona wazi, nikadhani amefariki na watu wamejaa ndani.

Alikuwa mwenyewe, juu ya kigoda, anang'oa misumari ya mabati ya uzio. Mabati mengine ameshayaegemeza ukutani. Mbele ya geti, juu ya udongo mweusi, ulipita mstari wa chokaa, mbichi kabisa.

Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anaokoa mabati.

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyetufundisha kuwa chokaa si kuvunja, kwamba mtaa mzima sasa unajua. Hakugeuka. Alisema ile chokaa ya kwetu ilikuwa yake, hii si yake, na tangu astaafu hakuna aliyekuja kumwambia lolote. Nyundo yake ilikuwa inapiga nje ya msumari. Chini ya barabara, si mbali, wanaume wawili wenye vizibao vya kung'aa walikuwa bado wanamwaga chokaa.

"Hao hapo, Madamu," nilimwambia. "Tuwaulize."

Aliwatazama kidogo tu, akainamisha macho upesi.

"Usiulize, Zaina. Ukiuliza, watakujibu."

Maneno yale Mama aliyasema ndani, mlango umefungwa, na mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Nilitua mzigo wangu kwenye kigoda kingine nikashuka kwa wale wanaume, maana niliona safari hii nikinyamaza nitakuwa nimelivunja baraza letu mara ya pili. Nikawaamkia. Nikawauliza ule mstari ni wa nini, na kama nyumba ile ya mabati itabaki. Mmoja aliweka ndoo chini. Alikuwa mtu mzima, mpole, si wa kudharau mtu.

"Mama, mi sijui," alisema. "Batu balitutuma tumwage tu. Plani iko na bengine."

Nikamwuliza hao wengine wako wapi. Akamtazama mwenzake, akarudi nyuma hatua moja, akaniambia kwa sauti ya chini nisije nikasema kwamba ni yeye aliyeniambia.

Nilipanda tena. Nyuma ya uzio nyundo ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amekaa juu ya kigoda ananisubiri, na uso wake ulikuwa uso wa Mama siku ile kwenye vumbi. Hakuuliza, ikabidi niseme mwenyewe. Nilimwambia hawajui, wametumwa kumwaga tu.

Lori lilikuwa linashuka kutoka Mahoko, breki zinalia, akasubiri mpaka zikanyamaza.

"Angalau mimi nilijua," alisema. "Mngeniuliza, nilikuwa najua."

Halafu akasimama kwa shida, akaninyooshea ncha ya bati lililokuwa limebaki na msumari mmoja, akaniomba nilishike lisimwangukie. Nililishika kwa mikono miwili, yeye akaanza kung'oa.